Hoteli ya bei rahisi ugenini: uliza kilichoondolewa

Mkuu mleta mada, nimesoma swali lako mara mbili. Unasafiri nje kwa mara ya kwanza, usiku tano, ndege inatua saa tano na nusu usiku, na umeona hoteli ambayo bei yake ni nusu ya zile za jirani zake. Picha zinaonyesha kitanda na ukuta mweupe tu. Unauliza kama ni utapeli, na kama si utapeli, utaishije humo ndani, wizi ukoje, na kama uchukue chumba chao kisicho na dirisha. Nimelala kwenye hoteli za namna hiyo kwa miaka mingi, mwanzoni kwa sababu mfuko haukuruhusu kingine, na siku hizi hata ukiruhusu nazirudia. Nitajibu kirefu, mnivumilie.

Kwanza, bei ndogo peke yake si dalili ya utapeli. Kuna biashara nzima imejengwa juu ya kuondoa vitu. Motel 6 ilianza mwaka 1962 kule Santa Barbara, Marekani, na hiyo sita kwenye jina ni dola sita za kulala usiku mmoja. Walipunguza kila kilichopungua, hadi televisheni ilikuwa ya kutumbukiza sarafu. Osaka, Japani, mwaka 1979 wakafungua hoteli ya vyumba-kasha, yaani unalala ndani ya kisanduku unachoingia kwa kutambaa. London mwaka 2005 ikaja easyHotel, vyumba vidogo mno, vingine havina dirisha, na ukitaka televisheni au kusafishiwa chumba ulikuwa unalipia pembeni. Hakuna aliyedanganywa hapo. Wanakuuzia kitanda, mlango unaofungwa na maji, na vilivyobaki wamekuachia uamue mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiona bei hiyo ni hili: wameondoa nini, na hicho kilichoondolewa mimi nakihitaji? Taulo likikosekana halinipunguzii chochote, natembea na langu jepesi linalokauka haraka. Lakini wakiondoa mhudumu wa mapokezi usiku, hapo nimeshaumia.

Niliumia kweli. Safari yangu ya tatu nje nilibuku hoteli ndogo karibu na kituo cha treni, nikaridhika na bei, sikusoma zaidi. Nikafika kama saa saba usiku. Mlango wa kioo umefungwa, taa za ndani zimezimwa, pembeni kuna kibao cha kubonyeza namba. Mapokezi yalifungwa saa nne. Namba ya siri walikuwa wamenitumia kwa barua pepe mchana, nikiwa angani. Sina laini ya nchi ile, sina bando, na waifai ya hoteli naiona kwenye simu lakini inadai nenosiri ambalo lipo kwenye barua pepe hiyohiyo. Nilisimama pale na begi langu kama dakika arobaini, baridi inapenya kwenye koti nililodhani ni zito. Aliyeniokoa ni mgeni mmoja aliyetoka kuvuta sigara. Hakunifungulia, na simlaumu, angejuaje mimi ni nani? Ila aliniwashia intaneti ya simu yake, nikafungua barua pepe, namba ikapatikana. Chumbani hapakuwa na kasoro hata moja. Mhudumu niliyemkuta asubuhi alinionyesha kwamba saa za mapokezi ziliandikwa kwenye ukurasa wao, chini kabisa, na ni kweli ziliandikwa.

Tangu siku hiyo nikishabuku tu nawaandikia: nafika saa fulani, nitaingiaje? Jibu nalipiga picha ya skrini, pamoja na anwani kwa lugha na maandishi ya nchi ile, ili nimwonyeshe dereva simu ikiwa haina mtandao. Na saa uziandike kwa mtindo wa saa 24 kama tiketi inavyoandika. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunaumbuka kirahisi hapa: unasoma 23:30, kichwani ni saa tano na nusu, unaandika 5:30, wao wanakusubiri alfajiri.

Mtego mwingine wa saa hizo ni tarehe. Ndege yako ikichelewa ukatua saa sita na dakika arobaini usiku, tarehe imeshabadilika, lakini usiku unaohitaji kulala ni wa tarehe iliyotangulia. Kwako ratiba inasema 23:30, kwa hiyo buku kuanzia tarehe hiyohiyo ya kutua. Kisha waambie wazi kwamba utaingia baada ya saa sita, maana wapo wanaohesabu kuwa hukutokea, wanampa mwingine chumba na pesa hairudi.

Sasa bei. Bei uliyoiona mara nyingi si utakayolipa. Miji mingi ya Ulaya ina kodi ya mgeni inayolipwa hotelini, juu ya ulicholipa mtandaoni. Paris na Roma wanahesabu kwa kila kichwa kwa kila usiku, Amsterdam tangu 2024 inachukua asilimia 12.5 ya bei ya chumba. Halafu angalia: kifungua kinywa kimo? Taulo? Shuka? (Ndiyo, kwenye hosteli kadhaa shuka zinakodishwa.) Kuhifadhi begi siku ya kuondoka? Usafiri kutoka uwanjani ni kiasi gani usiku, treni zikiwa zimelala? Hiki cha mwisho ndicho kimenila pesa nyingi kuliko vyote. Hoteli ya pembezoni mwa mji ilinipa nafuu ambayo teksi mbili ziliimeza yote, na bado kila siku nilikuwa natumia dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi. Jumlisha yote kwenye karatasi moja ndipo ulinganishe. Mara nyingine hoteli ya katikati iliyoonekana ghali inashinda.

Mapokezini wanaweza kukuomba kadi ya benki kwa ajili ya amana, yaani pesa ya dhamana wanayoishikilia. Ukitoa kadi ya akaunti yako ya kawaida, kiasi kile kinazuiwa kwenye salio lako na kinaweza kukaa siku kadhaa baada ya wewe kuondoka. Hawajakuibia, lakini kama ndiyo pesa uliyopanga kuila, umekwama. Na mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya kadi yako au sarafu ya pale, chagua ya pale. Ile nyingine inaonekana ya huruma kwa sababu unaielewa haraka, kumbe kiwango cha kubadilisha wamekipanga wao na faida yao imo.

Pasipoti watakuomba, usishtuke. Nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja), kwa mfano, zinaitaka hoteli imjazishe mgeni kutoka nje fomu na kuona hati yake. Waione, wapige nakala, wakurudishie palepale. Nikiambiwa iachwe mapokezi hadi kesho huwa nakataa kwa upole na kuomba wanakili mbele yangu.

Ukiingia chumbani, kabla hujajitupa kitandani, kuna kazi ya dakika tano. Begi liweke bafuni, kwenye vigae, siyo juu ya kitanda wala zulia. Washa tochi ya simu, inua shuka kwenye kona za godoro upande wa kichwani, angalia mishono, kisha nyuma ya ubao wa kitanda. Unatafuta vidoti vyeusi kama wino uliodondoka, magamba, au kunguni wenyewe, ambao mkubwa wao ana urefu wa kama milimita tano. Kunguni hawachagui nyota za hoteli, wanafuata mizigo ya watu, na wanaweza kukaa miezi bila kula. Ukiwaona, usikubali kupuliziwa dawa na kulala humo humo. Omba chumba kingine, na kisiwe kinachopakana na hicho wala cha juu au chini yake. Mimi nimewakuta mara moja tu katika miaka yote, na walinibadilishia bila mabishano. Ila niliporudi, nguo zote zilikwenda moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 60, hata zile ambazo sikuzivaa. Afadhali kuharibu fulana moja kuliko kuwapeleka nyumbani.

Baada ya hapo kagua kitasa, na ndani ya mlango kama kuna komeo. Tafuta njia ya dharura iko wapi, na uitembee kwa miguu hadi mlangoni. Sisemi uangalie kibao tu, nenda. Siku moja nilikuta mlango wa dharura umezibwa na magodoro. Nikawaambia mapokezi, wakaahidi kuyatoa, jioni yapo. Nikahama asubuhi yake. Chumba kikiwa kibaya navumilia, lakini hilo hapana.

Kuhusu wizi uliouliza: chumba chako mwenyewe chenye ufunguo ni salama kiasi cha kutosha kwa nguo, siyo kwa pasipoti na pesa zote. Gawanya. Chumba cha pamoja ni habari nyingine. Beba kufuli yako mwenyewe, kwa sababu makabati yapo lakini kufuli mara nyingi unauziwa mapokezi. Simu usiiache inachaji ukutani ukienda kuoga. Tumia powabenki iliyo ndani ya kabati. Kwenye dabodeka omba cha chini. Cha juu unapanda na kushuka usiku kucha huku unamwamsha mwenzako, na soketi mara nyingi iko chini. Na kuna kiumbe mmoja utakutana naye kila chumba cha pamoja, dunia nzima: yule anayeamka saa kumi alfajiri kupanga begi lake, na kila kitu amekifunga kwenye mfuko wa nailoni. Vizibo vya masikio, mkuu. Ni vidogo, na sijui kitu kingine chenye faida kubwa kwa uzito wake.

Umeuliza pia kuhusu kile chumba kisicho na dirisha, kwamba kina nafuu zaidi. Mimi nakichukua, kama ni usiku mmoja au miwili na nashinda nje. Kina ukimya. Lakini ubongo unapoteza saa kabisa. Mara ya kwanza nililala hadi saa saba mchana nikidhani ni usiku bado, nikakosa basi nililolipia. Weka kengele hata kama hujawahi kuihitaji maishani. Usiku tano mfululizo humo, kwa mtu anayetoka safari ndefu, mimi nisingeshauri. Na kama una pumu au huwezi kuvumilia sehemu finyu, usijaribu.

Ghorofa nalo liangalie, kama una begi zito na hoteli haina lifti. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya ghorofa ya kwanza ni ile iliyo juu ya ile ya chini, Marekani ya kwanza ndiyo ya chini yenyewe. Ukiambiwa chumba ghorofa ya nne kwenye jengo la zamani, piga hesabu ya ngazi kabla hujasema ndiyo.

Vitu vya kubeba sitavijaza hapa. Ndala za bafuni, taulo, adapta ya soketi za nchi hiyo, sabuni, vizibo. Vya umeme angalia maandishi kwenye chaja: ikiandikwa 100-240V inafanya kazi popote. Pasi na mashine za nywele nyingi hazina uwezo huo. Marekani umeme ni volti 120, na kifaa cha volti 240 kitapata joto dogo la kukudhihaki.

Maoni ya wageni waliotangulia yasome, ila usiangalie alama ya jumla. Anza na ya karibuni, na yale ya alama za katikati, maana anayetoa alama ya juu kabisa na anayetoa ya chini kabisa wote wana hasira au furaha zao. Mtu akilalamika chumba ni kidogo, puuza, picha ulishaiona. Watu watatu tofauti wakisema maji ya moto hakuna, au mlango wa nje haufungi, au walitozwa mara mbili, achana nayo. Hiyo yako ina alama 7.4 kati ya 10, mimi ningeikubali kama malalamiko ni ya ukubwa na kelele.

Jambo moja kuhusu malipo: hujapata viza bado, sivyo? Basi usichukue ile bei isiyorudishwa hata kama ni nafuu zaidi. Lipa nyongeza kidogo upate ile inayoruhusu kughairi, uwasilishe karatasi ya kubuku ubalozini, na bei isiyorudishwa uifikirie viza ikiwa mkononi.

Kwa hali yako ningefanya hivi. Usiku wa kwanza ningelala karibu na uwanja wa ndege, mahali penye mapokezi ya saa 24, hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu unafika umechoka, usiku, mji huujui. Usiku minne uliobaki nenda kwenye hiyo yako, uingie mchana kweupe. Vyumba vingi vinafunguliwa kuanzia saa nane au tisa mchana, ukifika mapema waachie begi ukazunguke. Au, kama hutaki kuhama, waandikie leo kuhusu kuingia usiku, halafu jibu lao lilete hapa tuliangalie pamoja.