Mtu wa pwani naye huangushwa na joto

Juzi kijana wa Likoni ameniandikia. Mwezi ujao anaenda Doha, Qatar, kufanya kazi ya ulinzi, na joto halimtishi: "Kaka, sisi wa pwani tumezaliwa nalo." Mimi nilisema maneno hayo hayo mwaka 2022, nilipokwenda huko huko kwa kazi hiyo hiyo.

Joto la Mombasa likizidi ni nyuzi 33 au 34, na upepo wa bahari unakupunguzia. Doha mwezi wa Julai kuna siku hupita 45. Siku yangu ya nne nilisimamishwa kwenye lango la mjengo. Sheria ya Qatar inakataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, tangu 1 Juni hadi 15 Septemba. Msimamizi akaniambia mlinzi hafanyi kazi, amesimama tu.

Kichwa kikagonga, misuli ya miguu ikakaza, kichefuchefu kikanipanda. Nikadhani malaria. Nikameza panadol, nikarudi langoni. Kufika saa nane, nimehadithiwa baadaye, nilikuwa namwambia mwenzangu Mnepali, kwa Kiswahili, afunge duka la mama. Hakuelewa neno, lakini alielewa kwamba akili imeruka. Hakungoja ruhusa. Alinivuta kivulini, akanivua shati, akanimwagia maji baridi, akanibana chupa za barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mwingine alinipepea kwa kadibodi, wa tatu akapiga 999. Msimamizi alisema najifanya. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nisikilizeni, wadogo zangu. Jasho jingi, kizunguzungu na kichefuchefu, huku akili bado timamu: acha kazi, ingia kivulini, kunywa maji kidogo kidogo, na ya ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari, ukiyapata. Mtu akianza kuropoka, kuyumba au kuzimia, hapo ni kufa na kupona: mpozeni papo hapo huku ambulensi inakuja. Msimnyweshe kitu, kitampalia. Panadol haitibu joto la jua. Wala msingoje ngozi ikauke ndipo mwamini ni hatari, mimi nilikuwa nimelowa chapachapa. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea, na wengi huanguka siku za mwanzo, wakiona haya kuomba kivuli. Ombeni! Aliyekuajiri atapata mlinzi mwingine kesho, mamako hatapata mwana mwingine.

Kijana wa Likoni nimemwomba anitumie ratiba yake ya kwanza akishafika. Nitaipitia saa kwa saa.