Huo si mnavu, usipike!

Dadangu wa Malindi, umesema mmea umeota nyuma ya bafu baada ya mvua, maua meupe kama tarumbeta, tunda la kijani lenye miba, na jirani anakwambia ni mnavu uchume upike. Wacha kabisa! Huo kwa ulivyoueleza ni mnanaha. Mnavu maua yake ni madogo kama nyota, katikati manjano, na vitunda vyake ni laini vya mviringo, havina miba hata moja. Mnanaha una sumu mti mzima, mbegu ndo balaa zaidi, mtu akila mdomo unakauka, mboni za macho zinatanuka, moyo unaenda mbio na anaanza kuongea na watu ambao hawapo, kwa hivyo kama kuna mtoto ashaonja mkimbize hospitali sasa hivi na ubebe tawi walione.

Na ile ya kusema mbuzi kala basi ni salama, sijui nani aliileta. Maziwa meupe yanayotoka ukikata mmea nayo hayakwambii kama una sumu au la, mchunga una maziwa na twaula na sima kila siku, mnyaa una maziwa na yakikuingia jichoni utajuta.

Programu za simu za kutambua mimea ni za kukupa jina la kuanzia tu, si ruhusa ya kula. Piga picha ua, tunda, jani mbele na nyuma, halafu waonyeshe wale mama wa Kigiriama wauzao mboga sokoni, wawili watatu, usimuulize mmoja. Ukiung'oa vaa glavu.