Kujiandaa na GRE huku uko kazini: jibu refu

Mkuu, nikifupisha swali lako: una kama miezi mitatu kabla ya GRE, ule mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu, unashinda kazini, hesabu mara ya mwisho uliishika sekondari, na mpaka sasa maandalizi yako ni kukariri maneno hamsini ya Kiingereza kila usiku. Unauliza kama muda unatosha na kama ulipie kozi. Muda unatosha. Mimi niliufanya nikiwa kazini, na baadaye nimekaa na jamaa kadhaa waliokuwa wanajiandaa, kwa hiyo haya ni niliyoyaona kwangu na kwao. Ila huo mpango wa maneno hamsini uweke pembeni kwanza, tutaufikia.

Kabla hujalipia chochote, fungua ukurasa wa idara unayoomba, usiishie kwenye ule wa chuo kizima. Idara nyingi siku hizi zimeiondoa GRE au zimeifanya hiari, na chuo kimoja kinaweza kuwa na idara inayoidai na nyingine isiyotaka hata kuiona. Ukiomba masomo ya biashara, mara nyingi utaambiwa uchague kati yake na GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara. Fanya hivyo leo leo, ni kazi ya dakika kumi.

Sasa mtihani wenyewe. Septemba 2023 ETS, ambao ndio wanautunga, waliufupisha. Wa zamani ulikuwa unakaribia saa nne. Wa sasa ni saa 1 na dakika 58, na hakuna mapumziko yaliyopangwa katikati. Unaanza na insha moja ya dakika 30, kisha sehemu mbili za lugha na mbili za hesabu. Lugha ni maswali 12 kwa dakika 18, halafu 15 kwa dakika 23. Hesabu ni maswali 12 kwa dakika 21, halafu 15 kwa dakika 26. Lugha na hesabu kila moja inapewa alama kati ya 130 na 170, insha kati ya 0 na 6. Vitabu vilivyochapwa kabla ya mabadiliko hayo usivitupe, maswali yake bado ni mazuri, ila mpango wake wa muda umeshapitwa na ile insha ya pili ya kuchambua hoja ya mtu haipo tena.

Kitu ambacho wengi hawakielewi vizuri ni kwamba sehemu ya pili inategemea ulivyofanya ya kwanza. Ukifanya vizuri kwenye yale 12, kompyuta inakuletea 15 magumu zaidi, na huko ndiko alama za juu ziliko. Ukiboronga, unaletewa mepesi na kiwango cha juu unachoweza kufikia kinashuka. Mtu akisikia hivyo anaingia na hofu, anakuta swali gumu la tatu, anang'ang'ana nalo dakika tano ili "asiharibu mwanzo". Hapo ndipo anapoharibu. Ndani ya sehemu moja maswali yote yana uzito sawa, gumu na jepesi, na ukikosa hukatwi alama. Unaruhusiwa pia kuliwekea swali alama, kuruka, na kurudi baadaye, mradi bado uko kwenye sehemu hiyo hiyo. Kwa hiyo pita mara ya kwanza ukiokota yale unayoyaweza, weka jibu la kubahatisha kwenye yale yaliyokukwamisha, kisha rudi nayo kwa dakika zilizobaki. Usiache swali wazi hata moja. Kuruka ni ujuzi, na unafanyiwa mazoezi kama ujuzi mwingine wowote, kwa sababu mtu aliyezoea kuwa wa kwanza darasani anaona aibu kuacha swali hata akiwa peke yake chumbani.

Wikiendi hii, kabla ya kusoma kitu chochote, fanya jaribio zima. ETS wana majaribio mawili ya bure yanayoitwa PowerPrep, yenye skrini ileile na kikokotoo kilekile utakachokikuta siku yenyewe. Moja lifanye sasa ujijue uko wapi. La pili lifiche mpaka zimebaki wiki mbili au tatu. Ukae kitako uandike na insha pia, simu iwe chumba kingine. Alama zitakazotoka zinaweza kukuvunja moyo, lakini bila hizo unasoma gizani.

Sasa sehemu ninayoiamini kuliko zote: daftari la makosa. Jaribio la saa mbili linatakiwa likupe kazi ya siku tatu au nne baada yake. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, lirudie bila saa, bila kuangalia maelezo. Ukilipata sasa, tatizo halikuwa ujuzi, lilikuwa haraka au usomaji. Usipolipata ndipo usome maelezo. Kisha andika mstari mmoja unaojibu: nini kingenionyesha njia mapema? Usiandike "algebra ngumu", haikusaidii. Andika kitu kama "swali halikusema x ni namba nzima", au "waliuliza asilimia ya ongezeko, si asilimia ya jumla". Baada ya wiki chache utaona makosa yako ni aina nne au tano tu zinazojirudia zikibadilisha nguo. Nimeona watu wakimaliza maelfu ya maswali na alama zisisogee, kwa sababu kila wakikosa wanasoma jibu, wanasema "aah, kumbe", wanaendelea.

Hesabu isikutishe kwa jina. Hakuna kalkulasi wala trigonometria. Ni namba, asilimia, uwiano, milinganyo, jiometri ya msingi, uwezekano, takwimu na kusoma grafu, yaani mambo ya sekondari. Ugumu uko kwenye jinsi yanavyoulizwa. Chukua yale maswali ya kulinganisha viasi viwili, ambayo shuleni wengi hatukuyaona. Unapewa Kiasi A na Kiasi B, unachagua: A ni kikubwa, B ni kikubwa, viko sawa, au haiwezekani kujua. Mfano: x ni ndogo kuliko 1 na si sifuri. Kiasi A ni x kipeo cha pili, Kiasi B ni x. Mtu anachukua nusu, anapata robo kwa A, nusu kwa B, anajibu B na kusonga mbele akiwa na furaha. Lakini hawakusema x ni chanya. Jaribu hasi 2: A inakuwa 4, B inabaki hasi 2, A ni kikubwa. Majibu mawili tofauti, basi haiwezekani kujua. Swali zima lilikuwa hapo, na hakuna hesabu ngumu hata moja ndani yake. Kwa maswali haya jizoeze kujaribu namba kwa mpangilio uleule kila mara: chanya, hasi, sifuri, moja, na sehemu iliyo kati ya sifuri na moja. Ukipata matokeo mawili yanayopingana, umemaliza, usiendelee kukokotoa.

Michoro ya jiometri nayo usiiamini kwa macho, si lazima iwe imechorwa kwa vipimo sahihi. Pembe inayoonekana ya nyuzi 90 si ya 90 mpaka wakwambie. Grafu za data na zile zenye mihimili ya x na y ni tofauti, hizo zimechorwa kwa vipimo. Kikokotoo kipo kwenye skrini, kina kipeuo cha pili na mambo ya kawaida, lakini kubofya kwa kipanya kunakula muda. Kama unakihitaji kujua 15% ya 80, rudi kwanza kwenye asilimia na sehemu mpaka zikae kichwani.

Lugha. Hapa ndipo maneno yako hamsini yanapoingia. Msamiati unahitajika, sikatai, lakini orodha ya maelfu ya maneno inayouzwa kama siri ya mtihani ni biashara ya mtu. Karibu nusu ya maswali ya lugha ni ufahamu, na hata yale ya kujaza nafasi yanapima kwanza kama umeifuata hoja ya sentensi. Nikuwekee kwa Kiswahili uone: "Ijapokuwa mbele ya watu alikuwa mwepesi wa kusifia, katika barua zake za faragha alikuwa ____." Usiangalie machaguo kwanza. "Ijapokuwa" inakwambia upande wa pili unapinga wa kwanza, "kusifia" inakwambia kinachopingwa ni nini. Jaza neno lako mwenyewe, tuseme "mkosoaji", ndipo uangalie lipi linafanana nalo. Anayeanza na machaguo anavutwa na neno lolote linalosikika la kisomi.

Kuna aina nyingine unayopewa maneno sita uchague mawili yanayoipa sentensi maana moja. Mtego wake ni kwamba humo ndani huwekwa jozi ya maneno yenye maana sawa kabisa ambayo haiingii kwenye sentensi, na neno jingine linaloingia vizuri ila halina mwenzake. Na ukipata moja kati ya mawili hupewi nusu alama. Vivyo hivyo sentensi yenye nafasi mbili au tatu: zote au hakuna.

Kwa hiyo punguza maneno yawe kumi au kumi na tano kwa siku, uyaweke kwenye kadi zenye sentensi, na uzirudie kwa kupishanisha siku. Weka mkazo kwenye maneno unayodhani unayajua, maana Kiingereza kina maneno ya kawaida yenye maana ya pili, na mtihani huu unayapenda hayo. Muda uliookoa usome makala ndefu za sayansi, historia na sanaa, hasa zile zinazokuchosha. Kila aya jiulize mwandishi anakubali, anapinga, au anaripoti tu maoni ya wengine. Vifungu vingi vya GRE vinageuka katikati, na maswali yake yanakaa pale pale pa kugeukia.

Insha usiipe muda mwingi. ETS wameweka hadharani mada zote zinazoweza kutoka, pitia kadhaa upange hoja bila kuandika, kisha andika chache nzima kwa dakika 30. Programu ya kuandikia haina kikagua tahajia, kwa hiyo zoea kuandika bila kile kimstari chekundu.

Mtihani unaweza kuufanyia nyumbani au kituoni. Ukiufanyia nyumbani, hupewi ruhusa ya karatasi za kawaida: ni ubao mdogo mweupe au karatasi moja ndani ya bahasha ya plastiki angavu, unaandika kwa kalamu inayofutika. Fanyia mazoezi hicho hicho kuanzia mwezi wa pili wa maandalizi, kwa sababu mwandiko unakuwa mkubwa na nafasi inaisha haraka. Kituoni wanakupa karatasi. Kokote utakakofanyia, jina la usajili lifanane na la kitambulisho herufi kwa herufi.

Kozi? Kama unaweza kujisimamia, huihitaji mwanzoni. Lipia ukishajua unakwama wapi, na ulipie hapo tu. Mwalimu wa saa chache aliyesoma daftari lako la makosa anafaa kuliko kozi ya wiki nane inayokufundisha na yale unayoyajua.

Tarehe iweke mapema kiasi cha kubaki na nafasi ya kurudia kabla dirisha la maombi halijafungwa. Unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, hadi mara 5 ndani ya miezi 12, na unaweza kuchagua alama za mtihani upi zitumwe. Zinadumu miaka 5. Na unapolinganisha alama, kumbuka 160 ya lugha inakuweka juu ya watu wengi zaidi kuliko 160 ya hesabu, kwa sababu upande wa hesabu wenye alama za juu ni wengi.

Ukimaliza hilo jaribio la kwanza, weka hapa alama za pande zote mbili, idara unayoomba, na aina za maswali uliyokosa. Tutapanga wiki nne za mwanzo kutokana na hizo.