"Usirudi bila mzazi": maswali yenu ya wiki hii

Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ni mtoro. Nimemrudisha nyumbani akamlete mzazi, wiki ya pili sasa simwoni. Nifanyeje? (Mwalimu wa darasa, Morogoro)

Mtoro umempa likizo, tena yenye baraka za ofisi. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Namba ya mzazi imo kwenye fomu za kujiunga. Piga wewe mwenyewe, leo, kabla ya kengele ya mwisho. Isipopatikana, nenda kwa mtendaji wa mtaa. Na mwingine akianza kukosekana, piga siku ya tatu, usingoje rejesta ijae alama nyekundu.

Nilipokuwa mwalimu wa nidhamu, kijana mmoja aliniletea "baba mdogo". Jamaa akakaa, helmeti mapajani, kila ninalosema anaitikia "kweli kabisa, mwalimu". Nikamwuliza huyo jamaa, kijana anaitwa nani, majina yote matatu. Akageuka kumtazama kijana. Kumbe ni bodaboda wa kijiwe cha nje ya geti, kapewa elfu mbili. Tangu siku hiyo kwangu ilikuwa simu kwanza, kiti baadaye.

Akichelewa mara mbili nimwite mzazi?

Hapana. Mwulize kwanza anapandia daladala wapi. Konda hapendi nauli ya mwanafunzi, na mzazi hana dawa ya konda.

Mwanafunzi kanitukana mbele ya darasa. Naruhusiwa kumchapa viboko vingapi? (Mwalimu, Tabora)

Wewe? Hata kimoja huruhusiwi, mpaka mkuu wa shule akukasimu kwa maandishi. Waraka wa Elimu Namba 24 wa 2002 uko wazi: visizidi vinne, viandikwe kitabuni, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Mnaukumbuka waraka huu mkishaitwa kujieleza.

Hata ungekasimiwa, aliyetukanwa na bado anatetemeka asishike fimbo. Mwaka 2018 kule Kagera mwanafunzi wa darasa la tano alikufa baada ya kuchapwa, kisa mkoba wa mwalimu uliodhaniwa kuibwa. Kenya walipiga marufuku viboko 2001 na shule zao bado zinafundisha. Mtoe nje, maliza kipindi, mwite peke yake jioni. Tusi la mbele ya darasa mara nyingi lina historia, na wakati mwingine historia hiyo ni maneno yako ya wiki iliyopita. Hapo mzazi aitwe, ila aje kusikiliza pande zote mbili, asije kukusaidia kuchapa.

Mwanafunzi ananisihi nisimpigie baba yake, anasema atamuumiza. Ananichezea?

Huenda. Lakini usibahatishe na mgongo wa mtoto. Kama anaficha mikono, au hataki kwenda nyumbani siku ya kufunga shule, usimpigie huyo baba. Mpeleke kwa mwalimu wa unasihi, kisha ustawi wa jamii. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure. Nyumbani yupo pia mama, shangazi au bibi. "Mzazi" si lazima awe mwenye sauti nzito.

Mwanangu kanyang'anywa simu shuleni na mwalimu anasema ataichoma. Ana haki? (Mama, Mbagala)

Mama, fomu ya kukataza simu uliisaini mwenyewe. Kuichoma siungi mkono hata kidogo: moshi wa betri mbele ya watoto haufundishi lolote. Nenda kesho asubuhi, omba ihifadhiwe ofisini mpaka shule ifungwe, na maelewano yaandikwe. Ila ukifika, usianze na bei ya simu.