Mwanagenzi Akikuogopa, Atakuficha Kipimo

Jumanne iliyopita, mchana, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la karakana na sahani yangu ya wali maharage. Binti mmoja, mwanagenzi wa mwaka wa pili, akaja akasimama mbele yangu ameshika shafti, fito la chuma linalozunguka mtamboni, kwa mikono miwili.

"Fundi, samahani kwa kukukatisha chakula. Nimeiharibu."

Ndugu zangu, nina zaidi ya miaka ishirini na mitano kwenye mashine za kuchonga vyuma, na sidhani kama nimewahi kusikia neno lililonifurahisha kama lile. Niliweka kijiko chini nikamwambia akae. Nitaeleza sababu, lakini inabidi nianze mbali, na nianzie kwenye kosa langu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa fundi mkuu wa karakana katika kiwanda kimoja pembeni ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, ile ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Pugu Road. Sitakitaja. Tuliletewa kijana kutoka chuoni, mwembamba, mpole, anakuja na daladala mbili kila asubuhi. Miezi minne ya kwanza nilimfagilisha. Nilimtuma chai, nilimtuma vocha, nilimwambia afute grisi kwenye mashine ambazo sikumruhusu kuzigusa zikiwa zinazunguka. Niliamini ndivyo mtu anavyofunzwa adabu ya kazi, kwa sababu mimi mwenyewe nilifunzwa hivyo, na juu yake nilipigwa makofi. Nilijiona mwema kwa kuwa sikumpiga.

Siku niliyomruhusu kuchonga, alivunja kisu cha mashine. Alikipeleka kwa pupa, kikagonga chuma, kikakatika. Nilimfokea mbele ya karakana nzima. Nilimwita mzigo. Nakumbuka kabisa neno hilo, na nakumbuka vibarua wawili waliocheka. Tangu siku hiyo, kila nikimuuliza "Vipi, inaenda?" alinijibu "Inaenda, fundi." Nami nikadhani nimefaulu kumnyoosha.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Alipewa shafti ya rola, mahali pa kukalia beringi 6205. Mliomo kwenye kazi hii mnajua tundu la beringi hiyo ni milimita 25, na mchoro wetu ulitaka shafti iwe kati ya 25.002 na 25.015, yaani izidi tundu kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, ili beringi ikae kwa kubana. Kijana aliichonga kupita kiasi. Shafti ilifika 24.93. Beringi ikawa inaingia na kutoka kama pete ya kuazima.

Angeniambia, tungepoteza saa mbili tu, tuchonge nyingine. Hakuniambia. Alichukua nyundo na sentapanchi, kile chuma chenye ncha cha kutia alama, akapigapiga nukta kuizunguka shafti ili chuma kivimbe, kisha akaigonga beringi ikaingia kwa shida. Mafundi wa mtaani wanaijua hila hii. Mimi nilipita kwa haraka, nikajaribu kuizungusha kwa mkono, nikaona imebana, nikasaini. Maikromita, kifaa cha kupimia unene, ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yangu, na sikuitoa.

Usiku, zamu ya pili, nukta zile zilisagika. Shafti ikaanza kuzunguka ndani ya beringi, ikachemka, ikajikata, ikakwama. Laini ya uzalishaji ilisimama hadi asubuhi. Kwenye kikao meneja aliuliza nani alichonga. Nilimtaja kijana. Hakuuliza nani alisaini, nami sikujitaja. Kabla ya saa nne kijana alikuwa nje ya geti na mfuko wake wa rambo.

Nimeandika aya hiyo mara tatu nikiifuta. Naiacha.

Miaka iliyofuata siisimulii. Nilihama kiwanda, nilipanda, nikapewa karakana kubwa na wanagenzi zaidi. Kilichobadilika ni kwamba nilianza kujiuliza kwa nini kijana alikubali kutumia nusu saa akigonga nukta badala ya kutembea hatua kumi hadi kwangu. Jibu lilikuwa mimi.

Turudi kwa binti wa Jumanne. Alikuwa amechonga shafti ya aina ileile, akaipima mara tu mashine iliposimama, ikasoma 25.01. Safi kabisa. Mtu mwingine angeifunga beringi na kuondoka. Yeye alikumbuka kwamba chuma kilikuwa bado cha moto, akakiacha kipoe, akapima tena. Kilikuwa kimeshuka chini ya 25. Shafti ya milimita 25 ikiwa na joto la nyuzi 50 zaidi ya hewa ya karakana huvimba kwa milimita 0.014 hivi, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Hakuna mkono ambao ungelihisi kosa lile, hata wangu. Na kwa sababu hakuna ambaye angelihisi, ningelijua tu kama yeye mwenyewe angekuja kuniambia. Alikuja.

Najivunia binti huyu, na sioni aibu kusema najivunia na mimi mwenyewe pia, kwa sababu hali ile haikuja yenyewe. Niliijenga kwa miaka.

Mnaniandikia mkiuliza nafanyaje. Kwanza, simfokei mwanagenzi mbele ya watu. Kama kuna hatari napiga kelele, ndiyo: ukiacha ufunguo kwenye chaki, yaani kishikio cha mashine kinachobana chuma, nitapaza sauti, kwa sababu mashine ikiwashwa ufunguo ule unaruka kama risasi. Ukija kwenye mashine na glavu nitapaza sauti, kwa sababu chuma kinachozunguka kikidaka glavu hakiachi mkono. Lakini kisu kikivunjika, kimevunjika. Namuuliza alikuwa na kasi gani, alipeleka kina gani, tunaweka kingine.

Pili, nampa kazi ya kweli mapema. Siyo kazi kubwa. Bushi, pini, washa nene ya kukaa chini ya nati, kitu ambacho kesho yake atakiona kimefungwa kwenye mtambo kinafanya kazi. Kijana anayefagia miezi minne anajifunza kufagia. Kufagia wafagie, na mimi nafagia nao Jumamosi.

Tatu, napima mwenyewe. Kila kipande, kabla sijasaini. Siyo kwa kutomwamini, bali kwa sababu saini ni yangu. Na nampimisha yeye kwanza, anaandika kwenye daftari alichopata, kisha napima mimi, tunalinganisha. Daftari hilo lina ukurasa wa makosa, na ukurasa wa kwanza kabisa una makosa yangu.

Na ninamuuliza kama amekula. Mnaona ni jambo dogo. Kijana anatoka Chanika alfajiri, posho yake imeishia kwenye nauli, saa tano mikono inatetemeka, nawe unamwambia hana umakini. Mwenye njaa asikaribie mashine. Mpe chai na chapati kwanza, utaona umakini.

Kuna wakubwa wanaoniambia kwamba kulea vijana ni kazi ya VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, kwamba wao wameshalipa SDL, ile tozo ya mafunzo ya ufundi, inatosha. Wanalipa kweli, na mwaka 2023 tozo hiyo ilishushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5. Lakini tozo haiwezi kusimama nyuma ya kijana na kumwambia subiri chuma kipoe. Chuo kinampa msingi, kinampa michoro, kinampa vipimo. Lakini chuoni hakuna laini inayosubiri kipande, wala meneja anayeuliza kila dakika kumi kama kimekwisha. Uanagenzi ulipangwa uwe sehemu chuoni na sehemu kiwandani kwa sababu hiyo, na sehemu ya kiwandani ni mimi na wewe. Ukimfanya mwanagenzi kibarua wa bure umemwibia. Nasema umemwibia, kwa sababu muda wa ujana wake haurudishwi na cheti.

Wewe uliyefundishwa kwa makofi, najua unaniona nimekuwa laini. Hesabu basi. Ni shafti ngapi mbovu ziko kwenye mitambo yako sasa hivi ambazo aliyezichonga anajua na wewe hujui?

Nimemtafuta yule kijana. Namba yake ya zamani haipatikani. Mtu mmoja aliniambia alimwona mtaa wa Gerezani, kwenye karakana ya vipuri, mwingine akasema anaendesha bodaboda Kigamboni. Nimezunguka Gerezani Jumapili mbili. Nitazunguka tena.

Shafti yake ninayo. Niliichukua kwenye chuma chakavu siku aliyofukuzwa, sikujua kwa nini, na nimehama nayo. Nukta bado zinaonekana upande mmoja, upande mwingine umeungua rangi ya buluu. Jumatatu wanaingia wanagenzi wawili wapya. Kabla sijawaonesha mashine yoyote nitaiweka mezani mbele yao, na nitawaambia nani aliichonga, na nani alisaini.