Mshahara wa Simmons: klabu ilikuwa na haki?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na kaka yangu huamka alfajiri kutazama NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na hadi leo hatujapatana kuhusu Ben Simmons. Mwaka 2021 aligoma kuichezea Philadelphia 76ers akitaka apelekwe timu nyingine, klabu ikamzuilia mshahara. Kaka anasema mkataba ulishasainiwa, walipe. Mimi nasema asiyefanya kazi na asile. Nani yuko sahihi?
Mpenzi wa kikapu, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wewe umeshika sehemu kubwa ya ukweli, ila kaka yako usimpuuze.

Simmons alikuwa na mkataba wa miaka mitano, na mshahara wake wa msimu ule ulikuwa kama dola milioni 33. Kambi ya mazoezi ilipofunguliwa mwishoni mwa Septemba, hakutokea. Tarehe 1 Oktoba alikuwa anadai dola milioni 8.25, robo ya mshahara. Klabu haikumpa, lakini pia haikuzila: iliziweka kwenye akaunti maalumu, faini zikawa zinakatwa humo. Kila mechi aliyokosa bila ruhusa ilimgharimu takriban dola 360,000. Kiasi hicho hakikutoka kichwani mwa bosi mwenye hasira. Mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji ulikuwa umeandika hesabu yenyewe: gawanya mshahara wa mwaka kwa 91.6.

Nakaa sana kwenye akaunti ile kwa sababu yamenikuta. Enzi zangu nikicheza hapa nyumbani niligoma kusafiri na timu, kwa kuwa tulikuwa tunadai posho za safari mbili. Katibu akanizuilia na posho za miezi mitatu iliyofuata. Nikamwomba anionyeshe kifungu. Hakukuwa na kifungu, wala daftari, wala mtu wa kumlalamikia. Fedha zile sikuziona tena. Simmons alijua kila senti yake iko wapi, na alikuwa na pa kwenda kudai. Kwa hiyo klabu kuzuia malipo ya mtu aliyekataa kuja kazini, kwa utaratibu ambao chama chake chenyewe kiliukubali, mimi naona ni haki.

Sasa nisikilize upande wa kaka yako. Simmons alirudi Philadelphia katikati ya Oktoba, baadaye akasema hayuko sawa kiakili kucheza. Hapo si mgomo tena, ni ugonjwa, na mgonjwa hakatwi mshahara. Klabu iliendelea kumtoza, ikidai hashirikiani na madaktari wa klabu. Februari 2022 akapelekwa Brooklyn Nets katika mabadilishano ya wachezaji yaliyomleta nyota James Harden Philadelphia, kisha akafungua madai ya karibu dola milioni 20. Agosti mwaka huohuo wakapatana, kiasi kikabaki siri.

Mchezaji akivunjika goti, picha ya eksirei inatosha. Akisema akili imechoka, anadaiwa ushahidi huku mfuko ukikatwa. Nimewafundisha vijana wawili walioacha kikapu kwa jambo hilohilo, mmoja alikuwa mlinzi bora kuliko wote niliowahi kuwanoa, na hakuna aliyewauliza wana nini. Kwa zile wiki za mwanzo niko upande wako. Kwa miezi iliyofuata, nasimama na kaka yako.