Dundu Mkubwa Ndani ya Nyumba: Mtambue Kabla Hujashika Kandambili

Dundu mweusi mnene akiingia sebuleni usiku na kuanza kugonga taa, utulivu huisha. Mmoja anatafuta kandambili, mwingine dawa ya kupuliza, na hakosekani wa kusema hicho ni kitu cha kutumwa. Mimi nawaomba kwanza mfunikeni kwa bakuli au glasi. Akishapondwa hamtajua alikuwa nani, na huenda alikuwa na habari muhimu kuhusu uwanja wenu.

Tazama mgongo. Dundu ana magamba mawili magumu yanayokutana katikati kwa mstari mmoja ulionyooka, na mbawa za kurukia zimekunjwa chini yake. Mende ni bapa, mbawa zake hulaliana, na vipapasio vyake ni virefu na vyembamba. Kisha tazama kichwa: ana pembe? Vipapasio ni vifupi na vina vibamba vinavyofunguka mwishoni, au ni virefu kupita mwili? Wale wa vipapasio virefu sana mara nyingi mabuu yao hukulia ndani ya mbao na magogo, kwa hiyo kama umeleta kuni au mbao mbichi karibuni, anzia hapo.

Mmoja tu nitakutahadharisha kwa dhati. Ukikuta mweusi mwenye madoa meupe mgongoni, miguu mirefu, anayekimbia sakafuni badala ya kuruka, usimwinamie. Wa jamii hiyo hurusha tindikali kutoka nyuma, na ikiingia jichoni inaunguza. Watoto wakae mbali, na aliyerushiwa asafishe jicho kwa maji mengi, kisha aende zahanati.

Piga picha kwa juu, kwa ubavuni, na ya kichwa kwa karibu, ukiweka rula au sarafu pembeni. Andika mahali, saa, na kama alifuata taa. Picha ya giza isiyo na kipimo haimsaidii mtu yeyote. Programu ya iNaturalist ni ya bure: inapendekeza jina, kisha watu wanaojua wadudu hulithibitisha au hulikataa. Usilichukue pendekezo la kwanza kama hukumu.

Sisi tunaoishi pwani, mgeni huyu mara nyingi ni chonga. Kitaalamu anaitwa Oryctes monoceros. Ni mweusi au kahawia iliyokolea, anang'aa, urefu wake ni kama sentimita 4 hivi, na ana pembe moja kichwani, ya dume ikiwa ndefu zaidi. Hang'ati mtu wala hana sumu. Miguu yake ina miiba inayokwaruza, basi mshike ubavuni kwa kitambaa.

Kwetu aliyenifungua macho ni mkwezi wa mtaani. Nilimwamkia, nikamwonyesha mdudu ndani ya kopo. Hakumtazama kwa muda, alitazama juu.

"Mwanangu, huyu hakuja kwa ajili ya taa yako. Yaone yale makuti."

Makuti machanga yalikuwa na mapengo ya umbo la V, kama yaliyokatwa kwa mkasi. Chonga huchimba kwenye kilele na kutafuna kuti likiwa bado limekunjwa, na alama hujitokeza linapofunguka. Mnazi una kilele kimoja tu cha kukulia. Kikifa, mti wote umekwenda, na miche michanga ndiyo huumia zaidi. Mzee alipanda na waya wenye ncha iliyopinda, akatafuta tundu lenye nyuzi zilizotafunwa, akamvuta mwingine kutoka ndani.

Ndiyo maana nasema kupuliza dawa sebuleni ni kupoteza fedha. Mabuu yake hayamo ndani ya nyumba. Yamo kwenye magogo ya minazi iliyooza, visiki, samadi na marundo ya takataka: meupe, manene, yamejikunja, kichwa cha kahawia, miguu sita karibu na kichwa. Pasua gogo, yaokote, wape kuku, wanayafurahia kweli. Gogo lenyewe lianike likauke au lichome, na samadi igeuzwe mara kwa mara. Zungumza na jirani pia, maana chonga anaruka na hajui ukuta wa mtu. Taa ya nje izimwe isipohitajika, na madirisha yawe na wavu.

Msomaji wa Uganda au Kongo anaweza kukutana na mkubwa zaidi, Goliathus, ambaye anaweza kufikia sentimita 10, mwenye michirizi myeupe kifuani. Huyo hula utomvu na matunda. Mpige picha, mtoe nje, mwache aende.

Kama bado hujamtambua, mpeleke kwa bwana shamba wa kata yako akiwa ndani ya kopo lenye matundu, pamoja na kipande cha kuti kilichokatwa kama unacho. Wenye minazi Tanzania wanaweza pia kuuliza kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni, Dar es Salaam, ambacho kimeshughulika na zao hili kwa miaka mingi.